Kutu kwenye gari la zamani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa mwenye gari la miaka 15 au zaidi, linalolala nje, hasa Dar es Salaam, Tanga, Mombasa, Unguja na kwingine kunakopigwa na upepo wa bahari. Aliye Dodoma, Arusha au Nairobi atafuata hatua zilezile, ila kutu yake itakwenda taratibu zaidi.

Kwa nini gari la pwani linaliwa haraka kuliko la bara?

Chuma kikikutana na maji na hewa kwa pamoja kinashika kutu. Chumvi inaharakisha kwa sababu maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri, na kutu inatokana na umeme mdogo unaopita ndani ya chuma chenyewe. Halafu chumvi hunyonya unyevu hewani. Chumvi ya mezani huanza kulowa pale unyevu wa hewa unapofika asilimia 75 hivi. Ya bahari hulowa mapema zaidi kwa sababu ndani yake kuna pia chumvi za magnesi, zinazonyonya maji zaidi. Usiku wa pwani hupita kiwango hicho mara nyingi. Kwa hiyo gari unaloliona kavu asubuhi, chini lilikuwa na utando wa maji ya chumvi usiku kucha, hata kiangazi.

Mvua ikinyesha na gari likakauka ndani ya saa mbili, madhara ni madogo. Matope yaliyoganda nyuma ya madigadi hukaa mabichi siku kadhaa, na hapo ndipo chuma kinapoliwa. Kazi yote inayoelezwa hapa chini inalenga jambo hilo: kujua maji yanakaa wapi, kuyatoa, kisha ndipo upake kitu.

Nianze kutafuta wapi?

Anza na sehemu zisizoonekana. Inua kapeti za ndani, zote nne, ubonyeze sponji iliyo chini kwa kiganja. Ikiwa mbichi, usishughulike na rangi ya nje kabla hujajua maji yametoka wapi. Upande wa abiria wa mbele, mkosaji mara nyingi ni bomba dogo la kutolea maji ya kiyoyozi. Likiziba kwa vumbi, maji yanarudi ndani badala ya kudondoka barabarani. Washa kiyoyozi dakika 20 uchungulie chini ya gari: kama hakuna maji yanayodondoka siku ya joto la pwani, bomba limeziba. Lizibue kwa waya laini au upepo wa kompresa, lakini upepo uwe mdogo, maana bomba linaweza kuchomoka kwa ndani.

Kisha fungua boneti uangalie chini ya kioo cha mbele, pale wipa zinapokaa. Gari linalolala chini ya mwembe au mwarobaini hujaza majani pale. Majani yanaoza, yanaziba njia ya maji, na mvua ya masika inaingia ndani kupitia tundu la feni. Toa majani kwa mkono na umwage lita 5 za maji taratibu. Yanapaswa kutokea nyuma ya magurudumu ya mbele ndani ya sekunde chache.

Baada ya hapo pita kwenye buti, uinue tairi la akiba. Angalia trei ya betri. Papasa kwa vidole ukingo wa ndani wa madigadi za nyuma. Angalia pia pembe za kioo cha mbele kama kiliwahi kubadilishwa: kisu cha fundi hukwangua rangi ya fremu, na chuma kinaoza chini ya gundi bila wewe kujua mpaka kioo kianze kuvuja.

Vitundu vya chini ya mlango ni vya nini? Fundi wangu aliviziba.

Vizibuliwe leo. Kila mlango unaingiza maji kupitia raba ya kioo, na waliolitengeneza gari walijua hivyo. Ndiyo maana kuna vitundu viwili au vitatu kwenye ukingo wa chini. Lala chini na tochi uvitazame. Mara nyingi utaona mpasuko wenye urefu wa kama sentimita 2, umejaa udongo mwekundu mgumu kama matofali, na pembeni yake rangi imeanza kuinuka kama ngozi iliyoungua. Ingiza kijiti cha mbao au kipande cha tai ya plastiki, usitumie bisibisi, kwa sababu bisibisi inachuna rangi iliyobaki. Udongo ukitoka, mara nyingi yanafuata maji meusi, pengine nusu kikombe. Maji hayo yalikuwa yameulalia mlango wako kwa miezi.

Mbavu za gari, yaani mabomba marefu ya bati chini ya milango, nazo zina vitundu vyake. Viangalie kila unapobadilisha oili ya injini.

Rangi imevimba kidogo tu. Nikiikwangua juu na kupaka inatosha?

Hapana, na hili ndilo kosa linalogharimu watu wengi. Kutu inachukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilicholiwa, ndiyo maana inaisukuma rangi juu. Lengelenge la ukubwa wa punje ya mahindi mara nyingi lina chuma kilichoharibika cha ukubwa wa sarafu. Na kama lipo karibu na ukingo wa mlango au juu ya upinde wa tairi, huenda kutu ilianzia upande wa ndani na sasa ndiyo inatokeza. Gonga taratibu kwa mpini wa bisibisi. Bati zima lina sauti kali. Lililooza lina sauti ya boksi la karatasi. Bonyeza kwa ncha. Ikizama, acha msasa, nenda kwenye swali la “Limetoboka” hapo chini.

Nielekezeni hatua zote za kutibu kidonda cha ukubwa wa kiganja ambacho hakijatoboka.

Chagua siku kavu, kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni, Januari hadi Februari au Juni hadi Septemba. Wakati wa masika usianze kazi hii nje. Vaa miwani ya kazi, barakoa ya vumbi na glovu. Glovu zina sababu mbili: jasho la vidole ni maji ya chumvi, na alama ya kidole kwenye chuma kitupu inaota kutu chini ya rangi mpya.

Osha eneo kwa sabuni na maji, likauke. Futa mafuta na polishi kwa tina safi ukitumia vitambaa viwili, kimoja kilicholowa na kingine kikavu, ukifuata upande mmoja bila kusugua kwa kuzunguka. Usitumie tina iliyokwisha kuoshea brashi. Fanya hivi kabla ya msasa, kwa sababu msasa huzamisha silikoni ya polishi ndani ya mikwaruzo, na baadaye rangi itajitenga na kuacha vijicho.

Ondoa rangi na kutu kwa msasa namba 80, kwa mkono au kwa grenda yenye diski ya msasa. Endelea mpaka ufike kwenye chuma cheupe, kisha ongeza sentimita 2 kila upande kwenye rangi iliyo nzima. Tahadhari na brashi ya waya ya grenda: inang'arisha kutu badala ya kuitoa. Chuma kinaonekana kinametameta na unadhani umemaliza. Sogeza tochi pembeni utazame kwa karibu, utaona vidoti vyeusi vidogo kama mbegu za ufuta vimezama kwenye chuma. Hivyo ni kutu hai. Ukiviacha, ndivyo vitakavyorudi. Vichokoe kwa kona ya msasa uliokunjwa, na vilivyozama sana vipake dawa ya kugeuza kutu kwa brashi ndogo.

Lainisha kingo za rangi kwa msasa 180, kidole kipite bila kuhisi ngazi. Futa tena kwa tina. Sasa usiende kula. Pwani chuma kitupu kinaweza kubadilika rangi siku hiyohiyo, kwa hiyo praima, yaani rangi ya kwanza ya kukinga chuma, iingie ndani ya saa moja.

Praima bora kwa chuma kitupu ni epoksi ya makopo mawili, kwa uwiano ulioandikwa kwenye kopo. Haipitishi maji kirahisi. Praima za kawaida za kopo moja hunyonya unyevu, na gari lililoachwa na praima hiyo wiki tatu kwenye mvua linaota kutu chini yake huku mwenyewe akiamini limekingwa. Paka mikono miwili, yaani tabaka mbili, uache muda ulioandikwa kati ya mkono na mkono.

Puti ikihitajika, ipakwe juu ya epoksi iliyokauka na kukwaruzwa kwa msasa 180, isizidi unene wa milimita 3. Kigumisho ni asilimia 2 ya uzito, sawa na punje ya njegere kwa puti ya ukubwa wa limau dogo. Mchana wa joto kali punguza kidogo, la sivyo itaganda mikononi. Ukizidisha kigumisho, rangi yake nyekundu inaweza kupenya na kutia doa rangi ya juu. Sawazisha kwa 80, kisha 180, halafu paka praima tena na upige 320 hadi 400 kwa maji. Pale utakapopenya hadi kwenye puti au chuma, rudisha praima na uache ikauke vizuri, maana puti hunyonya maji kama kitambaa.

Rangi ya juu: soma namba yake kwenye kibati cha gari. Kwa Toyota iko baada ya herufi C/TR, kwa mfano 040 ni nyeupe na 202 ni nyeusi. Duka la rangi litachanganya kwa namba hiyo. Ukitumia kopo la kupuliza la mililita 400, simama sentimita 20 hadi 25, mikono mitatu myembamba, dakika 10 hadi 15 kati yake, kisha klia, yaani vanishi ya juu isiyo na rangi, mikono miwili au mitatu. Usipake nta juu yake kabla ya siku 30.

Rangi na klia za makopo mawili zenye kigumisho cha isosianati zinaharibu mapafu, na barakoa ya vumbi haizizuii. Kama huna barakoa ya hewa safi, kazi hiyo mwachie fundi mwenye chumba cha rangi.

Dawa za kugeuza kutu zinafanya kazi kweli?

Ndiyo, zikipewa kazi yake. Za asidi ya fosfori hugeuza kutu kuwa fosfeti ya chuma. Za tanini huigeuza kuwa tabaka jeusi. Zote zinahitaji kutu nyembamba iliyoshikamana. Magamba yanayobanduka lazima yatoke kwanza, kwa sababu dawa inaishia juu yake na chini kunabaki kubichi. Acha saa 24 kabla ya kupaka. Na soma kopo la epoksi yako: nyingi hazishiki juu ya mabaki ya asidi, hivyo suuza, kausha, piga msasa kidogo.

Siki, limau au soda je?

Kwa boti, nati na vipande vidogo ulivyofungua, siki inafaa. Loweka usiku mmoja, sugua kwa brashi, suuza, tumbukiza kwenye maji yenye magadi ili asidi iishe nguvu, kausha mara moja na upake oili. Limau nalo linafanya kazi. Soda ya kola ina asidi ya fosfori kidogo mno na sukari nyingi. Kwenye bodi ya gari usimwage asidi yoyote ya jikoni, kwa sababu inaingia kwenye maungio ya bati ambako huwezi kuisuuza. Boti ngumu za usukani, breki na mkanda usiziloweke kwenye asidi, zinaweza kuwa rahisi kuvunjika na kukatika ghafla, nunua mpya.

Limetoboka. Fundi anasema ataweka puti na nyavu.

Nyavu za faiba na puti zitadumu msimu mmoja wa mvua, pengine miwili. Kama gari unaliuza kesho, hilo ni kumdhulumu mnunuzi. Kama unabaki nalo, kata bati lililooza mpaka ufike kwenye bati zima, uweke kiraka cha bati jeusi la milimita 0.8 hadi 1. Usikubali bati la kuezekea nyumba: ni jembamba, na zinki yake ikichomwa inatoa moshi unaoleta homa. Kiraka kishikwe kwa vidoti vya kuchomelea kila baada ya sentimita 3, fundi akiruka upande huu na ule ili bati lisipinde kwa joto, kisha ajaze taratibu. Kabla ya moto, chomoa betri, ondoa kapeti, viti na kila kitu kinachoshika moto, na uwe na ndoo ya mchanga au kizima moto. Karibu na tangi la mafuta, tangi lishushwe kabisa.

Baada ya kuchomelea, epoksi pande zote mbili, gundi ya kuzibia maungio ya bodi, kisha rangi. Upande wa ndani ndio unaosahaulika, nao ndio utakaooza kwanza.

Na chesisi?

Hapa hatuna ulegevu. Chesisi ya Hilux, Land Cruiser au pikapu nyingine ni bomba la chuma, na huoza kutoka ndani kwa matope yaliyoingia kupitia matundu yake. Gonga kwa nyundo ndogo urefu wote, zaidi nyuma juu ya ekseli na pale springi zinaposhikia. Nyundo ikizama au magamba manene yakianguka, gari lisitembee mpaka mchomeleaji mwenye uzoefu wa chesisi alione. Kiraka kiwe na unene uleule wa chuma cha asili. Angalia pia mabomba ya breki: sugua kwa kitambaa, na yakiwa na vishimo, badilisha. Usiyapake rangi ukayaacha.

Wenye Land Rover za zamani wana tatizo lao: bodi ni aluminiamu, chesisi ni chuma, na zinapogusana kwenye maji ya chumvi aluminiamu inageuka unga mweupe. Weka raba au plastiki katikati ya kila kiungo unachokifungua.

Nipige lami chini ya gari?

Juu ya chuma safi kilichopakwa epoksi, ndiyo. Juu ya kutu, usithubutu. Lami ikikauka inapasuka, maji yanaingia kwenye ufa na hayatoki, na bati linaoza kimya chini ya ganda linaloonekana zuri. Gari lenye lami mpya kabisa chini, wakati muuzaji hana picha za kabla, lichunguzwe kwa nyundo.

Oili chafu ya injini, kama wanavyofanya wengi?

Inafukuza maji kwa muda, hatutakataa. Lakini ina asidi na masizi ya injini, inavimbisha na kuozesha raba za bushi, ni sumu kwa ngozi, na mvua inaipeleka kwenye kisima cha jirani. Oili mpya lita 1, grisi nusu kilo na mafuta ya taa robo lita, vikichanganywa vikiwa baridi, mbali na moto, hufanya kazi bora zaidi kwenye chesisi kavu. Paka kwa brashi, uepuke diski na ngoma za breki, raba zote na ekzosi. Rudia kila miezi 6. Kwa ndani ya mbavu, milango na bomba la chesisi, dawa nzuri ni nta ya kupuliza yenye mrija mrefu wa kichwa kinachopuliza pande zote. Nta ikiacha kudondoka, zibua tena vitundu.

Nioshe mara ngapi?

Pwani, chini ya gari kila wiki mbili kwa maji baridi, na siku hiyohiyo kama umepita ufukweni, umerushiwa maji ya bahari kwenye kivuko cha Kigamboni au Likoni, au umevuka mafuriko. Elekeza maji ndani ya madigadi kwanza. Sabuni ya unga ya kufulia inaondoa nta na kufubaza rangi; tumia ya magari. Kisha endesha dakika 15 likauke. Turubai la plastiki lisilopumua ni bora ulikose, na kuegesha juu ya nyasi kunaliletea gari unyevu usiku kucha.

Naagiza gari Japani au Uingereza. Nitajuaje lilikaa kwenye chumvi ya theluji?

Karatasi ya mnada ya Japani ina mchoro wa gari wenye herufi: S ni kutu, C ni chuma kilicholiwa. Mwombe wakala picha za chini ya gari, si za pembeni tu. Magari yaliyotumika Hokkaido, kisiwa cha kaskazini mwa Japani, yenye usajili wa Sapporo, Hakodate, Asahikawa au Kushiro, yamepita kwenye barabara zinazomwagiwa chumvi kipindi cha baridi ili kuyeyusha theluji. Kwa gari la Uingereza, namba ya usajili inatosha kusoma bure historia ya ukaguzi wa kila mwaka kwenye tovuti ya serikali yao. Mkaguzi huandika pale anapoona kutu kwenye bomba la breki au sehemu za mwili wa gari, na miaka kadhaa ya maandishi hayo inasema mengi kuliko picha za muuzaji.

Vifaa vya umeme vya kuzuia kutu vinavyofungwa kwenye betri?

Usinunue. Mbinu ya umeme hukinga meli na mabomba kwa sababu yamezama kwenye maji au udongo. Gari liko hewani.

Diski za breki zimekuwa nyekundu baada ya mvua.

Kawaida. Breki chache za mwanzo zitazisafisha. Usizipake kitu.

Nilifanya yote, na baada ya miezi minne kutu imerudi palepale.

Tazama imerudi kwa sura gani. Vidoti vilivyotawanyika katikati ya kiraka ni vile vyeusi ulivyoviacha kwenye vishimo. Mstari unaozunguka ukingo wa kiraka unaonyesha hukufika kwenye rangi nzima, au kingo hazikulainishwa. Rangi inayobanduka kama ganda, chuma cha chini kikiwa safi, ni mafuta au mabaki ya asidi. Na kama imevimba kutoka chini kwenda juu, kuanzia ukingo wa mlango au wa mbavu, kazi yako ya nje haikuwa na kosa: maji bado yamo ndani. Fungua ubao wa mlango, toa plastiki, utazame chini kwa tochi kabla ya kugusa msasa tena.